Bei Niliyoifunga Mwenyewe

Mwanangu, mimi shule niliishia darasa la nne pale Kigonsera, na leo nina malori matatu. Nilianza kwa kubeba magunia ya kahawa mgongoni hapa Mbinga. Kwa hiyo nilipopata lori la kwanza, sijafika hata miaka arobaini, nilitamba kwamba duniani hakijabaki kitu cha kunishangaza. Nakumbuka vizuri siku iliyonivua majivuno hayo.

Lori lile nililinunua kwa mkopo wa chama cha akiba, riba asilimia kumi na nane, isiyobadilika kwa miaka mitatu. Mwaka wa pili fedha ikawa ghali, wakopaji wapya wakapangiwa ishirini na mbili. Nilicheka mpaka machozi. Kila kijiwe nilichokaa nilieleza: yangu imefungwa, hainigusi.

Nikaona neno hilo tamu, nikalipeleka ziwani. Mbamba Bay kulikuwa na kikundi cha akina mama waliokausha usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, na kuwaleta Mbinga kuuza. Nikawaambia: nipeni mzigo wenu wote, gunia elfu tano, bei haibadiliki mwaka mzima. Tukaandikiana. Miezi ya mwanzo malori yalikuwa mengi, mengine yakibeba kwa elfu nne. Akina mama hawakuniacha. Walilipa tano yao kimya, nami sikuwarudishia hata mia. Hilo ulishike, maana mimi nililisahau.

Kisha dizeli ikapanda. Siku moja ya masika, nikiwa na magunia thelathini na mawili ambayo nauli yake nilishaipokea, nikasimamisha lori katikati ya mlima. Nilijua pale hawapati lori lingine upesi. Kiti cha mbele alikaa mwenyekiti wao, Mama Fridolina, mjane aliyenizidi miaka ishirini.

"Mama, kila gunia ongezeni elfu mbili. La sivyo hatupandi."

Wenzake wawili walikuwa juu ya mzigo. Mmoja akapaza sauti: "Baba, mbona ziwani hukusema? Au lori lako linaona haya kudai nyongeza mbele ya watu?"

Mama Fridolina hakucheka. "Baba, riba ya lori hili wamekupandishia?"

"Hawawezi. Tuliandikiana."

"Na sisi je? Karatasi yetu tuliiandika kwa mkaa?"

Mtu wa majivuno akibanwa huongeza sauti. Nikafoka: lipeni au nashusha! Nilijua atanisihi. Akafungua mlango, akashuka polepole, akajifunga kanga vizuri, akasema, "Shusha."

Hapo, mwanangu, nilishangaa. Nikashusha kweli, kwa kuona aibu kurudi nyuma mbele ya utingo wangu. Nikaondoka na turubai langu. Sikufika mbali mvua ikaanza. Ningeweza kugeuza. Sikugeuza.

Magunia kumi na manne yaliharibika. Tuliitwa kwa mtendaji wa kata, karatasi yetu ikasomwa, sahihi yangu ikaonekana imepinda pale chini. Nilipomwambia Mama Fridolina shikamoo, aliitikia marahaba kwa sauti yake ileile ya siku zote. Hiyo iliniuma kuliko matusi.

Sasa nyie mnaokopa bodaboda na mashine za kahawa, sikilizeni. Riba isiyobadilika, bei isiyobadilika, maana yake ni kwamba mmoja wenu ataumia kwa ajili ya mwenzake, na siku mnasaini hamjui ni nani. Uliza imefungwa kwa muda gani, na iwe kwenye maandishi, maana wengine hufunga mwaka mmoja tu. Zamu yako ya kunufaika ikifika, shukuru bila kelele. Zamu ya kuumia ikifika, beba. Kama huwezi kubeba, sema kabla mzigo haujapakiwa, wala usingoje mlimani.

Mungu akupe kazi, mwanangu, na akupe mgongo wa kuibeba bei uliyoitaja kwa mdomo wako.

Mimi nilitaka nyongeza ya elfu sitini na nne. Kwa magunia yale kumi na manne, kila moja elfu tisini, pamoja na nauli yote niliyoirudisha, nililipa shilingi milioni moja, laki nne na elfu ishirini.