Samaki wa Saruji Ukutani

Walioangusha ukuta wa chumba changu ni watatu, na ninawataja: shemeji yangu, yaani mdogo wa marehemu mume wangu, fundi aliyemleta, na mama mkwe, aliyewapikia chai huku wakiuchimba. Watu husema ni mvua. Mvua ipi? Ilikuwa kiangazi, mwaka ule wa uhuru, nami nilikuwa eda.

Mjane aliye eda hatoki nje, wala hajitokezi mbele ya wanaume wa kando. Basi nilikuwa nimejifungia chumbani kwangu, Mabatini. Mume wangu alikijenga kwa matofali mabichi, upande wa uani akapiga lipu ya saruji ili kipendeze. Kabla hajafa aliwaambia mama yake na ndugu zake, nami nikisikia: chumba hiki ni cha mke wangu. Kingine hakuwa nacho cha kuniachia.

Shemeji alikuwa mpishi wa Mzungu mmoja kule mlimani. Mzungu alipofungasha kurudi kwao, akamwachia pambo la bustani: samaki wa saruji wa kupachikwa ukutani, anatema maji kwenye karai, yanatiririka kutwa. Shemeji akataka kulipachika nyumbani. Akachagua ukuta wangu, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa na lipu. Mimi niko ndani, nyuma ya pazia, nawasikia.

"Sanamu kwenye nyumba ya Waislamu?" mama mkwe akauliza.

"Mama, samaki si sanamu. Samaki ni kitoweo."

Wakacheka wote. Kisha akasema wageni wa arobaini watatawadhia pale, na maji yale yatakuwa sadaka ya marehemu kaka yake. Hapo ndipo aliponiziba mdomo. Mjane gani ataikataa sadaka ya mumewe? Hata hivyo nilijaribu.

"Shemeji, ukuta huu ni udongo mtupu."

"Wewe shemeji kaa eda. Ujenzi tuachie wanaume."

Fundi naye akadakia: "Saruji haipitishi maji, mama. Hata lije ziwa zima."

Wakatoboa lipu, wakapitisha bomba ndani ya ukuta kutoka kwenye pipa walilolipandisha juu ya jukwaa. Maji yakatoka. Majirani wakaja kutazama, wengine wakapiga vigelegele. Sauti yake ilikuwa nzuri, nisiseme uongo.

Lakini wao walikuwa wanatazama upande wa saruji. Upande wa udongo nilikuwa nautazama mimi. Doa lilianza dogo kama kiganja, nyuma ya samaki pale, likashuka mpaka sakafuni. Chumba kikanuka kama shamba baada ya mvua ya kwanza. Nikasogeza kitanda. Nikabonyeza kidole, kikazama. Nikamwita mama mkwe.

"Shikamoo mama. Tazama ukuta."

"Marahaba. Ukuta unatoka jasho tu, mwanangu. Eda inakutia mawazo."

"Gusa, mama."

Hakugusa. "Arobaini ni Ijumaa. Usituaibishe mbele ya watu."

Sasa niende kwa nani? Kwa fundi siwezi kutoka. Shemeji nikimwita anajibu akiwa huko huko uani, anaondoka. Nikawa nazoa tope kwa kata, naweka kwenye ndoo, na lingine linashuka.

Ijumaa, kabla ya alasiri, wanaume wamejaa uani wanatawadha, ukuta ukaja ndani. Haukuvunjika, ulimiminika kama uji mzito, lipu ikafuata na samaki wake, ikaniangukia mguu huu ninaouburuta mpaka leo. Wanaume wale wote wakageuza nyuso, maana mjane yuko eda na kichwa chake ki wazi. Mimi napiga kelele, wao wanaita wanawake. Mama mkwe akaja na khanga. Akanifunika kwanza. Ndipo wakaanza kunifukua.

Eda niliimalizia jikoni, mguu umefungwa vijiti. Shemeji akajenga upya kwa matofali ya kuchoma. Nilipomaliza eda nikamwomba nirudi chumbani kwangu.

"Chumba cha marehemu kilianguka, shemeji," akasema. "Hiki nimejenga mimi."

Mama mkwe alikuwapo, anachambua mchele. Nilimtazama aseme neno, maana wosia aliusikia kwa masikio yake. Akapuliza makapi, akaendelea kuchambua. Kaka yangu akaja na mkokoteni kutoka Kiseke, tukapakia kitanda.