Kilicho Chini ya Chumba cha Betri

Kapinga anapima paa za majengo ya serikali: shule, ofisi, vituo vya afya. Akiandika kwamba paa linafaa, paneli za sola zinaletwa. Ngazi anakodi kwangu, na kila mara bei ninayotaka siyo ninayopata.

Safari hii alipewa kituo cha uzazi kilichopakana na lupango lake, kiwanja anachoishi, ukuta kwa ukuta. Muuguzi mkuu, Mama Mbuyu, alituonyesha simu anayoishika kwa meno ili apate mwanga wa kuzalishia. Kapinga akapanda, akakagua mbao, akapima kivuli, akashuka na vumbi la mgodi hadi kwenye nyusi. Paa zuri. Zikabaki betri: kumi na mbili, kilo sitini kila moja, zote zikae katika stoo ya dawa.

Akagonga sakafu kwa kisigino. Ikalia kama pipa tupu. Mama Mbuyu alidhani ni saruji mbovu. Kapinga alikuwa anatazama ukuta wa kwake.

Mtaani kwetu wengi wanachimba kobalti ndani ya nyumba, nyuma ya turubai. Mume wa Kapinga, Mukalay, alikuwa akichimba tangu Pasaka, akimwambia mkewe kwamba handaki linaelekea barabarani.

Nilipofuata ngazi yangu jioni, niliwakuta uani. Kapinga alimtaka alifukie. Mukalay akacheka: udongo ameshauuza, aununue tena? Kisha akashusha sauti, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

“Mama Glodi, balikutuma kupima malata ya paa. Andika malata.”

Nilimshauri Kapinga aombe betri ziwekwe chumba kingine, kila mtu apate chake. Akaniuliza kama najua handaki limeishia chumba gani. Sikujua. Mukalay naye hakujua. Kule chini mtu anafuata mawe tu.

Fomu haikuwa na nafasi ya mambo ya chini ya ardhi. Akageuza karatasi, akaandika nyuma: kuna handaki chini ya kituo, ondoeni akina mama kwanza, mlango wake uko kwenye lupango langu. Akatia sahihi.

Sasa Mama Mbuyu anazalisha ndani ya hema, simu bado iko menoni, na hamsalimii Kapinga. Mukalay amepeleka magodoro na watoto kwa dada yake anayeishi mji wa Tenke. Wakaguzi wanakuja Jumatatu. Nilimwambia Kapinga naye aondoke.

“Mi niende wapi?” akasema. “Bakifika, nani atabafungulia?”