Maziwa ya Kiwandani

Juzi, nje ya kiwanda cha mkonge hapa Kilosa, nilimwona dada mmoja akitoka kazini na pakiti ya maziwa, kope zake nyeupe kwa vumbi. Nikamkumbuka baba.

Alasiri moja, nilipokuwa mdogo, alirudi kutoka kiwanda hichohicho akinuka mkonge, akikohoa tangu njiani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Shika maziwa yako."

"Baba Asha, kunywa mwenyewe," mama alifoka. "Si wanakupa ya kusafisha kifua?"

"Mwache, anayapenda."

Niliyanywa yote, nikidhani kiwanda kinawapenda watoto. Kifua kile ndicho kilichomuua baba. Siku hizi najua kuwa maziwa hayafiki kwenye mapafu.

Nilimuuliza yule dada barakoa yake iko wapi. Akaninyanyulia pakiti.