Beringi ya Gari la Mchungaji

Admin, naomba unifichie jina. Wapendwa, habari za huko mliko, wazima? Wanaoumwa Mungu awaguse. Mimi ni baba wa miaka 54, nina mke na watoto wanne, fundi magari hapa Tukuyu tangu ujana. Nimechoka, ndugu zangu, na si mikono tu.

Zamani tulikuwa tunatengeneza. Kitu kikichakaa unakifungua, unakisafisha, kinarudi kazini. Siku hizi ni kutoa na kuweka kipya, na hicho kipya mvua za huku hazijaisha kimeshakufa.

Mwezi uliopita mchungaji wetu aliniletea pikapu ya kanisa, ile inayobeba wagonjwa. Gurudumu la mbele lilikuwa linavuma. Alikuja na beringi mpya kwenye boksi linalong'aa. Waumini walichangishana, hadi akina mama waliuza ndizi zao. Nikaizungusha kwa kidole. Inakwaruza. Mpya kabisa, inakwaruza! Nikakosa ujasiri wa kumwambia kwamba sadaka imenunua uchafu. Alipoondoka nikachomoa beringi ya zamani kwenye gari bovu la aina hiyo hiyo lililolala uani kwangu miaka, nikaiosha, nikaipaka grisi, nikafunga hiyo. Ile mpya nikaificha kwenye kopo.

Mchungaji akaendesha, akafurahi, akanishukuru kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo, fundi! Kitu kipya ni kipya." Nami nikaitikia amina.

Jumapili akashukuru mbele ya kanisa zima, na duka alikonunua ile beringi akalitaja. "Mwenye gari aende pale, spea zao imara." Nikainamisha kichwa. Mke wangu akadhani naomba.

Juzi akaja muumini mwenzetu, nimwite Baba Tumaini, anayepakia abiria kwenda Mbeya. Mkononi boksi kama lile la mchungaji. Nikaizungusha beringi yake kwa kidole, nayo inakwaruza.

"Hii siifungi," nikamwambia.

"Mbona ya mchungaji umeifunga?"

"Hii mbovu, kaka."

"Aa, fundi! Duka moja, boksi moja. Sema umezeeka, unaogopa hata beringi mpya."

Akacheka, akaenda kwa vijana wa pale barabarani. Waliigonga kwa nyundo mpaka ikaingia, hata grisi sijui kama waliweka.

Jana nimemsikia akipita kuelekea Kyimo, gari limejaa. Gurudumu limeanza kuvuma. Nikampigia simu, akasema, "Mzee, huo ni wivu wa kazi." Hataniamini mpaka nimwambie ukweli wa ile pikapu. Na nikimwambia, mchungaji atajua nilimdanganya, na kwamba kwa ajili yangu amewatuma watu wake kununua hatari.

Mke wangu nimemweleza yote. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua hata macho. "Baba watoto, mle ndani wanapanda watoto wa watu."

Kopo nimelitoa, liko hapa mezani. Nishaurini, wapendwa, nianze na mchungaji tukiwa wawili, au nisimame kanisani niseme mbele ya wote? Ila Jumapili ni mbali, na mwenzangu anapakia kila asubuhi. Naombeni mnijibu leo.