Mama kafuta chuo cha akiba

Leo mama kanishinda, na nimechoka hata kubishana.

Mdogo wangu Elia anaomba vyuo. Mwaka jana aliomba udaktari kila mahali, akakosa kote, akabaki hapa Mwika kukata majani ya ng'ombe. Safari hii nikamwongezea chuo kimoja cha ualimu, cha akiba.

Mama akasema kifutwe. Eti kuweka akiba ni kutomwamini Mungu.

Nikamuuliza, "Mama, mbona kahawa yako umeichanganya na migomba? Si ili kahawa ikigoma tule ndizi?"

Akaendelea kumenya ndizi zake. Kisha akasema taratibu, "Kahawa sikusimama kanisani kuitangaza. Elia usharika mzima unamwita daktari."

Elia kakifuta.

Mwenye la kumjibu mama aniandikie hapa. Panga la Elia la kukatia majani nimeliacha palepale mlangoni, huenda akalihitaji tena mwakani.