Barakoa ya Refa na Neti ya Bibi

Nilipokwenda Tabora kufunga nyumba ya Bibi, wiki mbili baada ya arobaini yake, nilikuta kuku ametaga ndani ya barakoa ya refa. Mayai manne yalikuwa yamelala ndani ya vile vyuma, pale pale palipokaa pua ya mwalimu wetu. Nilicheka peke yangu mle stoo, halafu kicheko kikanigeukia, nikalia. Kaa nikusimulie, maana pale nyumbani hakubaki wa kumsimulia.

Nilikuwa darasa la sita. Mwalimu wetu wa hesabu alirudi kutoka semina Dar es Salaam na sanduku la vifaa vya besiboli, mchezo ambao mtaa wetu mzima wa Mtendeni hakuna aliyewahi kuuona. Tulicheza kwenye kiwanja cha vumbi, kando ya ile njia ya zamani ya misafara, na wazee waliopita na baiskeli walisimama kutuuliza kwa nini mtu akimbie mbio zote zile ili kurudi alikoanzia. Tuliendelea kukimbia. Tulikuwa na raha tu.

Sandukuni mlikuwa na barakoa moja ya chuma, nayo ilikuwa ya mdakaji, yule anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji. Mdakaji nilikuwa mimi. Nilichuchumaa uso wangu ukiwa salama nyuma ya vyuma, na nyuma yangu alisimama mwalimu, refa wetu, uso wazi. Kila mpira uliporushwa alifumba macho. Mipira mibaya akaiita mizuri, mizuri akaiita mibaya, na ugomvi ukazidi mpaka akatangaza kwamba Ijumaa ndiyo mwisho, sanduku litarudi lilikotoka. Nilihisi kama nimefiwa. Mimi nilikuwa mtoto mnene, sichaguliwi hata kwenye rede, na huu ulikuwa mchezo wa kwanza kunitaka.

Sasa, Bibi alikuwa mrina asali. Mizinga aliyoachiwa na Babu ilikuwa porini upande wa Isikizya, na kofia yake ya ukindu yenye neti nyeupe ilining'inia kwenye msumari stoo, ikinuka moshi na nta. Nikafikiri kama mtoto wa nyumba ya asali anavyofikiri: kinachomzuia nyuki kitauzuia na mpira. Ijumaa niliichukua bila kuomba, nikamwambia mwalimu kwamba Bibi amemwazima.

Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Siku ile kwa mara ya kwanza hakufumba macho. Mrushaji wetu, msichana mwenye mikono ya kutwanga, akauachia mpira, ukapita juu ya glovu yangu, na nikasikia neti ikichanika nyuma yangu. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa ameshika pua na damu inapita kati ya vidole. Baadaye aliikunja ile neti vizuri, akanirudishia, akaniambia nimshukuru Bibi.

Sikumshukuru. Nililishona tundu kwa uzi mweusi, haraka haraka, nikaitundika kofia pale pale. Jumapili Bibi akaenda kurina. Nyuki hahitaji mlango mpana, na Bibi alirudi akiwa na uso uliovimba hadi jicho moja likafunga kabisa. Usiku nilimsikia akiguna kitandani, nikavuta shuka hadi masikioni.

Jumatatu jioni nilikuwa uani nabangua karanga, mwalimu akabisha hodi, pua yake imevimba vile vile. Wakatazamana, nyuso mbili zilizoharibiwa na mtu mmoja.

"Shikamoo, Bibi. Nimekuja kushukuru kwa neti uliyoniazima."

Mikono yangu ilisimama. Bibi alinigeukia akanitazama kwa lile jicho moja lililobaki wazi.

"Marahaba, baba," akasema. "Unisamehe. Nilisahau kukwambia kwamba ile ni ya nyuki."

Sikuwahi kumsikia Bibi akisema uongo kabla ya siku ile, wala baada yake. Alimkaribisha mwalimu matobolwa, viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, pamoja na karanga nilizobangua, wakanywa chai, wakachekana nyuso. Kesho yake wakaenda pamoja kwa jirani yetu, fundi wa majiko, na Bibi akamsimamia akikunja spoki za baiskeli na kuziunganisha ziwe barakoa ya refa. Fundi alipotaka kulipua kazi, Bibi alimwambia, "Uso wa mtu ni amana." Ndani aliweka vipande vya kanga yake kuukuu, akavipaka nta ili jasho lisipenye.

Sanduku halikurudi. Saa tisa, jua likiwa kali, nta ililainika, na mimi niliyechuchumaa mbele ya mwalimu nilisikia harufu ya asali ikinijia kisogoni. Mpira ukinipita ulilia ngaa kwenye spoki, na mwalimu akasimama wima, macho wazi. Bibi alikaa pembeni chini ya mwavuli wake, haelewi chochote, anapiga makofi kwa pande zote mbili.

Nilingoja anigombeze. Hakunigombeza. Baadaye nikawa natafuta siku nzuri ya kumwomba samahani, na siku nzuri hazikosi visingizio. Nikaenda sekondari, nikaenda Dar. Kila Jumapili nilimpigia simu, tukaongea habari za mvua na goti lake.

Kiwanja sasa ni fremu za maduka. Mwalimu alihamishwa zamani, barakoa akaiacha kwa Bibi, na sikumwona mtoto hata mmoja akirusha mpira ule mdogo. Ningetoa mengi kuisikia ile ngaa mara moja tu.

Kofia ilikuwa bado kwenye msumari wake. Niliishusha nikaipeleka dirishani penye mwanga. Uzi wangu mweusi ulikuwepo, umepinda vile vile. Bibi hakuufumua. Alikuwa amepitisha wake mweupe juu ya wangu, mshono kwa mshono, mpaka tundu likafungika, akarina asali nayo miaka yote ile.

Barakoa nimemwachia kuku. Neti nimekuja nayo. Samahani niliisema mle mle stoo, kwa sauti, na kuku peke yake ndiye aliyegeuka kunitazama.