Nyumba ya Kiviktoria, Mtu Je?

Nakumbuka Jumapili moja ya baridi, mwanangu, nilipokaribia kukosa pa kulala kwa sababu ya neno la sifa.

Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami ndiyo kwanza nimetoka Mwanza. Nilipanga chumba Aston, Birmingham, kwa Mama Harjit, Msikhi mzaliwa wa Kisumu aliyekuwa bado na Kiswahili chake cha utotoni. Kila alipopata mgeni aliupiga ukuta ngumi: "Hii nyumba ya Kiviktoria, bwana! Si kama hizi za siku hizi, ukiegemea unaangukia kwa jirani."

Nikajua basi, Kiviktoria ni kitu imara, cha kuaminika. Tena kwetu Viktoria ni ziwa, na ziwa lile ndilo lililotulea. Ubaya ungetokea wapi?

Jumapili hiyo walikuja wanawake wenzake wa hekaluni, nami nikakaribishwa chai ya maziwa. Nikaona nimshukuru mbele ya watu. Nikasema, tena kwa Kiingereza ili wote wanielewe, kwamba mama huyu ni Mviktoria halisi.

Vijiko vikasimama. Binti yake, mzaliwa wa huko huko Uingereza, akacheka mpaka akashika meza.

Wageni walipoondoka, mama akaniita jikoni. "Tafuta chumba kingine."

"Nimekosa nini, mama?"

"Mimi nakupikia chai, wewe unanitukana mbele ya watu?"

Nilikuwa na maneno mengi ya kujitetea. Sijui nani alinizuia. Nikauliza tu, "Neno lile maana yake nini?"

Akanitazama. "Hujui kweli?"

"Kwetu Mwanza ni ziwa."

Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko. "Hata kwetu Kisumu ni ziwa, mjinga wewe! Waingereza waliliita kwa jina la malkia wao wa zamani, na enzi yake yote ndiyo Kiviktoria. Enzi ile walijenga vizuri, kwa hiyo nyumba ikiitwa hivyo imesifiwa. Lakini watu wake, wanasema, walikuwa wakali, kucheka hawataki, kila kitu kwao aibu. Mtu ukimwita hivyo, umemwambia amepitwa na wakati. Mimi ni ukuta?"

"Hapana, mama."

"Basi kaa. Siku nyingine ukitaka kunisifu, sema chai tamu."

Nimehama miji mingi tangu hapo, maana miguu yangu haijui kutulia, na kila mji nimeukuta na maneno yake ya namna hiyo. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mwanangu, neno likipendeza kwenye kitu, usikimbilie kumvika mtu. Sikiliza kwanza wenyewe wanamwambia nani, na aliyeambiwa anakunja uso au anatabasamu. Na ukishateleza, uliza maana kabla hujajitetea. Hilo ndilo lililonibakizia chumba changu.

Mungu akujalie kuta nene, na mwenye nyumba mwepesi wa kucheka.